Kama mieleka ni maigizo, Stone Cold alivunjika shingo vipi?

Mzee wa Kona

Wakuu habari za jumapili. Kuna ubishi hapa kijiweni tangu juzi na umefika hatua watu wanakunywa kahawa wamepeana migongo, naomba wenye kumbukumbu mnisaidie.

Ilianza hivi. Kuna jamaa yetu fundi pikipiki alikua anaangalia klipu za zamani kwenye simu, zile za Stone Cold Steve Austin anaingia, unasikia kioo kinapasuka paaa ukumbi mzima unasimama, anarushiwa makopo mawili ya bia anayadaka hewani anayagonganisha nusu inaingia mdomoni nusu inaishia kifuani. Mi nikasema tu huyu mwamba wasingemvunja shingo mwaka 97 angetawala miaka mingi sana. Fundi akacheka mpaka spana ikamdondoka, ati mzee mieleka yote ni maigizo, mshindi anajulikana kabla hawajatoka nyumbani, sasa mtu anavunjikaje shingo kwenye igizo, umeona wapi steringi wa muvi anavunjika kweli?

Nikakosa jibu wakuu. Maana na mimi najua wamepangana, sio mtoto. Lakini nakumbuka kabisa nilisikia shingo ilikua ya kweli.

Tumewekeana chipsi mayai na soda. Ilivunjika kweli au ilikua sehemu ya stori? Na kama ni kweli mbona aliendelea kucheza miaka mingine mpaka 2003? Alafu 2022 nikamuona tena ulingoni na kipara chake kilekile, hiyo imekaaje?

Komredi Kipepe

Fundi yuko sahihi. Ni maigizo. Uzi ufungwe.

Bandani Siku Zote

Komredi usifunge uzi ambao hata kahawa yake haijapoa.

Mzee wa Kona umeuliza mahali pake, mimi nimekulia kwenye banda la video, kiingilio kilikua shilingi hamsini na ukikosa hamsini unachungulia kwenye tundu la bati, kwaiyo vumilia ntaandika kirefu.

Kwanza mambo mawili yatenganishwe. Kilichopangwa kwenye mieleka ni nani anashinda na stori inaelekea wapi. Kisichopangwa ni mwili kutua chini. Ule ulingo watu wanadhani ni godoro, sio godoro, ni mbao zimelazwa juu ya vyuma, juu yake sponji nyembamba, alafu turubai. Mtu wa kilo mia na kitu anaangukia hapo kila usiku, mikoa tofauti, mwaka mzima. Sakafu haijapewa skripti.

Sasa tarehe 3 Agosti 1997, SummerSlam, onesho kubwa la kampuni ya mieleka ya WWF, East Rutherford kule New Jersey. Stone Cold anacheza na Owen Hart, mdogo wake Bret Hart, wanagombea mkanda wa Intercontinental, na sharti ni kwamba Stone Cold akishindwa ambusu Owen makalio (ndo mieleka hiyo, usiniulize). Katikati ya pambano Owen akambeba kichwa chini miguu juu, tumbo kwa tumbo. Hicho kipigo ukikifanya kwa usalama unashuka kwa magoti, kichwa cha mwenzio kinabaki kimefichwa kati ya mapaja yako, hakigusi chini, watazamaji wanaona kama kimegonga. Owen yeye akashuka kwa kukaa. Kichwa cha Stone Cold kilikua kimening'inia chini ya makalio ya Owen, kwaiyo kilichofika chini kwanza ni utosi wake, na juu ya utosi uzito wa watu wawili.

Stone Cold mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba kabla ya mechi aliuliza, unashuka kwa magoti au kwa makalio? Akajibiwa makalio. Akamwambia hapana, magoti. Sijui hiyo sentensi ilipotelea wapi.

Angalia hiyo klipu sauti imezimwa, utaona. Jamaa kalala, mikono haiendi, miguu haiendi. Owen anaanza kuzunguka ulingo anawazomea watazamaji, anapiga kelele, wengi wakadhani anajisifu kumbe anavuta muda mwenzie arudiwe na fahamu za mwili. Dakika inapita. Na kwa sababu mshindi alishapangwa kua Stone Cold, ikabidi ashinde hivyohivyo, akatambaa kwa viwiko kama mtoto, akamshika Owen kwa nyuma akamvuta, Owen akaanguka mwenyewe akatulia ahesabiwe tatu. Ndo kumkunja kulegevu kuliko kote utakakoona maishani, mtoto wa darasa la pili angejinasua. Lakini Owen hakujinasua. Hapo ndo utaona maigizo na ukweli kwenye picha moja.

Marefa wakamnyanyua, akapewa mkanda, akatoka ameshikiliwa huku na huku.

Kitaalamu haikukatika kama kijiti, uti wa mgongo ulipata mshtuko pale shingoni na njia yake ilikua imeshakua nyembamba. Akakaa nje miezi mitatu. Novemba karudi.

Mzee wa Kona

Asante sana mkuu Bandani, nimemsomea fundi kwa sauti. Amenyamaza kidogo alafu kasema "sasa mtu mwenye shingo mbovu anarudije baada ya miezi mitatu, si ndo igizo lenyewe". Naomba nguvu.

Bandani Siku Zote

Mwambie fundi awe na subira kama anavyotuambia sisi pikipiki iko tayari kesho.

Stone Cold aliyerudi sio yule. Kabla ya hapo alikua mtu wa ufundi, anashika, anakunja, anapinda, mechi ndefu za jasho. Baada ya shingo akawa mtu wa ngumi na mateke, wanapigana nje ya ulingo, wanatupiana viti, wanaburuzana hadi kwa watazamaji. Watu tukapenda tukaona huyu ndo mbabe wa kweli, kumbe alikua anapunguza mara ambazo mgongo wake unagonga chini.

Na kuna kitu watu wanakisahau. Ile miezi mitatu hakuruhusiwa kucheza ila kampuni bado ilimtaka aonekane. Tarehe 22 Septemba 1997 Raw, kipindi chao cha TV cha kila wiki, ikawa Madison Square Garden, New York. Vince McMahon, mwenye kampuni, ambaye wengi bado walimjua kama mtangazaji tu wa mechi, akapanda ulingoni kumbembeleza, apumzike, afuate taratibu, madaktari bado hawajamruhusu. Stone Cold akakubali kwa upole, akamshika mkono, alafu teke la tumbo na Stunner, kipigo chake cha kumalizia mtu. Bosi chini, suti na tai. Ukumbi ule nadhani mpaka leo unatetemeka.

Hapo ndo ilipozaliwa stori yote ya mfanyakazi na bosi wake iliyowatajirisha. Kila mtu duniani ana bosi ambaye angependa kumpiga Stunner. Bila shingo kuumia hiyo siku isingekuwepo vile, angekua anacheza mechi yake ya kawaida anaenda kulala.

Mtumba Gredi A

Uzi mtamu huu. Naomba nichangie kidogo kuhusu fulana.

Mwaka 2001 hivi nikiwa sekondari nilinunua fulana nyeusi ya mtumba Karume, mbele imeandikwa Austin 3:16 kwa maandishi makubwa meupe. Mama yangu mlokole wa kutupwa. Kuona 3:16 akafurahi machozi yakamlenga, akasema mwanangu umeanza kuelewa. Jumapili nikavaa kanisani. Yohana 3:16 kila mtu anaijua si ndio, hiyo Austin wakadhani ni kanisa la wazungu huko. Nimekaa benchi la mbele kabisa na mama. Ukafika muda wa sadaka nikainuka kwenda mbele, nikawapa mgongo waumini wote, na mgongoni kuna fuvu.

Sitaendelea. Hiyo fulana iliishia kupigia deki.

Ila ndo baadae nikaja kujua maneno yalitoka wapi. Juni 1996, mashindano ya King of the Ring, Milwaukee. Usiku ule alicheza mara mbili, mechi ya kwanza na Marc Mero akapigwa mdomo ukapasuka, wakamkimbiza hospitali akashonwa, wakamrudisha kucheza fainali na Jake Roberts. Jake wakati huo alikua ameokoka na kwenye mahojiano alikua anahubiri Biblia. Stone Cold karudi kutoka kushonwa anaambiwa mwenzio ametaja Yohana 3:16, basi akishashinda akashika maiki akasema wewe kaa hapo na Biblia yako unasali, haijakusaidia, unaongelea Yohana 3:16, sasa Austin 3:16 inasema nimekuchapa makalio. Mdomo wenyewe una nyuzi mbichi. Wiki iliyofuata watu wakaanza kuja ukumbini na mabango ya 3:16.

Na hata ushindi huo haukua wake mwanzoni. Inasemwa alipangiwa Triple H, sasa Triple H na wenzake mwezi wa tano walikumbatiana ulingoni New York mbele ya watu, steringi na adui pamoja, kuwaaga rafiki zao wanaohamia WCW, kampuni pinzani. Hao rafiki wakaondoka, Shawn Michaels alikua bingwa, akabaki Triple H wa kuadhibiwa.

Kijana wa Likoni

Salamu kutoka Mombasa ndugu zangu. Mie naona mnaanza stori katikati. Huyu jamaa kabla ya hapo alikuwa hana mbele wala nyuma.

Jina lake Steve Williams. Kazaliwa Texas Desemba 1964, kakulia mji mdogo waitwa Edna, kacheza futboli ya Marekani chuo, kisha akawa apakia na kushusha mizigo. Akaenda kujifunza mieleka Dallas kwa Chris Adams, Mwingereza. Alipopelekwa Memphis akaambiwa badilisha jina, tayari yuko Steve Williams mwengine mashuhuri, ndipo akawa Steve Austin. Malipo ya Memphis yalikuwa ya kuchekesha, amesema mwenyewe alikuwa atafuna viazi vibichi. Viazi vibichi jamani. Si vya karai wala vya urojo.

Kisha WCW, nywele ndefu za dhahabu, mwamuona picha zile hamuamini ni yeye. Pale alikuwa mzuri sana, yeye na Brian Pillman wakaitwa Hollywood Blonds, lakini kila akianza kupanda wamshusha. 1995 akaumia mkono Japani, akiwa nyumbani auguza, Eric Bischoff, bosi wa WCW, akamfukuza kwa simu.

Akaenda ECW, mahali padogo pa watu wenye hasira. Mkono bado mbovu hawezi kucheza, bosi wa pale Paul Heyman akampa maiki tu, sema yaliyokuuma. Akayasema. Akamuigiza Bischoff, akamuigiza Hulk Hogan. Mie kwangu Stone Cold kazaliwa pale, hajapewa hata jina.

WWF wakamchukua mwanzo wa 1996 wakamuita Ringmaster, jina bovu. Akaona kipindi kuhusu muuaji mmoja wa Marekani aliyeitwa mtu wa barafu, akataka awe mtu baridi asiye na huruma. Ofisi wakamletea orodha ya majina yote ya barafu na theluji, mojawapo Chilly McFreeze. Fikiria ukumbi mzima wapiga kelele Chilly McFreeze. Basi yuko nyumbani kachoka, mkewe, Muingereza, kampikia chai, akamwambia kunywa chai yako kabla haijapoa ikawa ya baridi kama jiwe. Wakatazamana. Jina likapatikana kwenye kikombe.

Komredi Kipepe

Ok nakubali kuna kuumia kidogo. Ila damu zile ni rangi msituongopee.

Bandani Siku Zote

Komredi umerudi, karibu.

Sio rangi. WrestleMania 13, kando ya Chicago, Machi 1997, Stone Cold na Bret Hart, mechi ya kukubali kushindwa, refa Ken Shamrock. Ile damu ni yake mwenyewe, alichanwa kwenye paji la uso kimyakimya kwa wembe mdogo, Bret alikuja kusimulia miaka ya baadae kwamba yeye ndo alimchana na walipanga wawili tu kwa sababu kampuni ilikua imekataza damu.

Na hiyo mechi naomba niikalie kidogo maana banda zima tulinyamaza. Tulizoea muvi, steringi anaingia steringi anatoka steringi, adui anakufa mwishoni. Siku hiyo Bret kaingia steringi, Stone Cold kaingia adui, kila mtu anazomea anakopaswa. Inafika mwisho Bret amemkunja miguu, amemkalia mgongo, ule mkunjo wake maarufu. Stone Cold anajiinua kwa mikono, damu inashuka usoni inapita kwenye meno, meno mekundu, anapiga ukelele, hakubali. Anaanguka. Anajiinua tena. Hakubali. Akazimia bila kusema nimeshindwa, refa akamaliza mechi. Bret alafu akaendelea kumpiga mtu aliyezimia. Hapo kelele zikahama. Watu waliokua wanamshangilia Bret wakaanza kumzomea, na adui akainuka mwenyewe, akakataa kushikwa mkono, akatoka anachechemea huku wanaimba jina lake. Wamebadilishana nafasi mbele ya macho yetu na hakuna aliyetamka neno.

Mtoto mmoja bandani akauliza "sasa steringi nani?" Mwenye banda akamwambia nyamaza kanda inakwaruza.

Binti Chumbageni

Kaka zangu nawasoma toka mchana. Nami nilikua naangalia sana, tena nikijificha maana nyumbani waliona si mambo ya mtoto wa kike.

Nauliza tu mbona wote mnaruka 2002? Mwaka huo mwezi wa sita alitakiwa apigwe na Brent, samahani Brock Lesnar, kwenye Raw ya kawaida bila kutangazwa. Akaona kijana mgeni kunishinda bure bure bila kuuza tiketi ni upuuzi, akapanda ndege akaenda kwao, watu wanamsubiri ukumbini. Hilo amekiri mwenyewe alikosea. Lakini mwezi huohuo polisi waliitwa nyumbani kwake, na mwezi wa nane akakamatwa kwa kumpiga mkewe Debra, ambaye tulikua tunamuona hukohuko kwenye mieleka. Mahakamani hakupinga shtaka, akapewa mwaka mmoja wa uangalizi, faini na kazi za jamii.

Mimi baada ya hapo nilipoona klipu za yeye na Debra nikawa naruka mbele. Sisemi msimpende, semeni yote.

Mzee wa Kona

Dada Chumbageni umesema kweli, na hilo hapa kijiweni hatukulijua hata mmoja. Asante.

Naomba nimalizie swali langu la 2003 na 2022 maana fundi ameomba ushahidi wa mwisho ndo atoe hela.

Bandani Siku Zote

Binti Chumbageni umetusahihisha, mimi nililijua na niliruka, siwezi kujitetea.

Mzee wa Kona, alirudi Novemba 97, Machi 98 Boston akamshinda Shawn Michaels akachukua mkanda mkubwa, Mike Tyson akiwa msimamizi nje ya ulingo. Wiki mbili baadae, tarehe 13 Aprili, wakatangaza Stone Cold atapigana na McMahon, na usiku huo Raw ikaipita Nitro, kipindi cha WCW, kwa watazamaji kwa mara ya kwanza baada ya wiki zaidi ya 80 za kupigwa. Yani kampuni iliyomfukuza kwa simu.

Lakini shingo iliendelea kulia. Novemba 1999, Survivor Series, Detroit, tukaoneshwa amegongwa na gari kwenye maegesho. Hilo gari lilikua igizo. Lilitungwa ili aondoke, kwa sababu Januari 2000 alienda kufanyiwa upasuaji wa kuunganisha pingili za shingo kule San Antonio, na huo haukua igizo. Mwambie fundi aweke hayo mawili pamoja. Waliigiza ajali ya gari kuficha ajali ya kweli iliyotokea ndani ya igizo miaka miwili nyuma.

Akacheza tena miaka miwili na kitu, 2001 pale Houston akampiga The Rock na viti kama anaua nyoka, akashikana mkono na McMahon. Mwenyewe amesema kugeuka adui siku ile, tena nyumbani kwao Texas, anajutia. Machi 30, 2003, Seattle, mechi ya mwisho na The Rock. Usiku wa kuamkia siku hiyo alilala hospitali, moyo unaenda mbio miguu inatetemeka, asubuhi akatoka akaenda uwanjani. Rock akambamiza chini mara tatu ndo akahesabiwa. Hakutangaza chochote. Miaka 38 tu.

2022 ilikua Arlington, Texas, Aprili 2. Kevin Owens alimwita kwa mahojiano tu, ikageuka mechi. Umri 57. Nilikua naangalia kwa simu na mwanangu, Owens akamnyanyua akampigisha mgongo kwenye sakafu ya zege nje ya ulingo, nikajikuta nimeshika shingo yangu mwenyewe. Mwanangu ananishangaa, baba si ulisema wamepangana?

Mzee wa Kona

Wakuu matokeo ni haya. Fundi amesoma yote mara mbili, kaenda kuangalia klipu ya Owen sauti imezimwa kama alivyosema Bandani, karudi kimya. Kasema shingo ni ya kweli, anakubali. Ila ubishi ulikua kama mieleka ni maigizo, na nyie wenyewe mmeandika ni maigizo, kwaiyo kashinda yeye.

Kijana wa Likoni

Alipe nusu. Wewe chipsi, yeye mayai.

Mzee wa Kona

Imeamuliwa hivyohivyo. Soda kila mtu kanunua yake.

Sasa kaanza lingine, ati Stone Cold sawa, lakini Undertaker yeye alifufuka kweli, aliona kwa macho yake.

Komredi Kipepe

Hiyo fungua uzi wake. Mimi nipo upande wa fundi.